Siku Kumi na Nne za Sista Jerusa

Sista Jerusa Obiero anastaafu tarehe 31 Desemba 1997, baada ya kuihudumia hospitali yetu kwa miaka ishirini na tisa na miezi miwili. Miaka ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimaliza katika Wodi ya Nane, wodi ya magonjwa ya akili, ile iliyo nyuma ya jiko na yenye wavu wa chuma dirishani. Wengi wenu wasomaji wa jarida hili mnaizunguka mkienda kantini, ingawa njia fupi inapita mlangoni pake. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila sina hakika kama nitafika nayo mwisho.

Alizaliwa mwaka 1942 huko kando ya ziwa, na alipanda huku kwetu kwenye baridi na majani chai Novemba 1968, akiwa na sanduku la bati na cheti cha uuguzi. Alianzia wodi ya akina mama. Mwaka 1974 alipelekwa Nairobi kusomea uuguzi wa akili kwa sababu, kama anavyosimulia mwenyewe, wenzake wawili waliochaguliwa kabla yake waliugua ghafla asubuhi ya safari. Aliporudi alipewa funguo za Wodi ya Nane, akazifunga kiunoni kwa utepe wa bendeji, na huko ndiko zimekaa mpaka leo.

Hakuchukua muda kugundua jambo ambalo madaktari hawakuwa wameliona. Wagonjwa wake wengi walikuwa wachuma majani wa mashamba makubwa. Mchuma majani ana namba yake, na namba ndiyo inayompa nyumba kambini. Akipitisha siku kumi na nne bila kuonekana kazini, namba inapewa mtu mwingine, na nyumba inafuata namba. Basi mtu aliletwa hapa mgonjwa, akaanza kupata nafuu, halafu akaharibika tena kwa kuhesabu siku. Sista Jerusa alimsumbua daktari wa wakati ule mpaka wakakubaliana: asiyehitaji kukaa zaidi atapona kwa siku kumi na nne, na siku hiyo atatoka. Hakuna waraka wowote ulioandika hivyo. Ilikuwa sheria ya Sista, na ilishika kuliko za serikali.

Kila aliyeletwa alikalishwa kwanza kwenye benchi ya mlangoni, hata kama amefungwa, naye Sista alikaa kando yake akamweleza yatakayompata. Nimeyasikia maelezo hayo miaka kumi na moja kutoka kwenye meza yangu ya karani, na ninayajua kama Baba Yetu. Utavuliwa mkanda na kamba za viatu, na nguo zako zitawekwa kwenye gunia lenye jina lako. Hatuibi, tunaogopa tu usijiumize. Utavaa sare ya kijani ambayo haijawahi kumtosha mtu. Utadungwa sindano na utalala mpaka kesho mchana. Ukiamka ulimi utakuwa mzito na mikono itatetemeka, ndiyo maana kikombe chako hakitajazwa. Shingo ikianza kujipinda usidhani umerogwa, ni dawa, niite, kidonge chake ninacho. Mlango unafungwa saa kumi na mbili jioni. Utasikia watu wakipiga kelele, na siku moja huenda ikawa wewe, na asubuhi hakuna atakayekucheka. Hapa hatupigi mtu. Jumanne daktari anatoka Nakuru, atakuuliza leo ni siku gani, na ukikosa si mtihani, hata yeye huangalia kalenda. Siku ya tano utatoka nje kupalilia sukuma wiki. Jumapili watu wako wataruhusiwa. Wasipokuja Jumapili ya kwanza usilie, wengi huogopa, huja ya pili. Siku ya kumi utarudishiwa nguo zako. Na siku ya kumi na nne nitakupeleka nyumbani mimi mwenyewe.

Mwaka 1988 aliletwa mzee mmoja wa Sigowet, amefungwa kwa kamba ya ng'ombe. Aliimba nyimbo za kanisa tangu mwanzo wa maelezo hadi mwisho, kwa sauti iliyowatoa wapishi jikoni. Tulimwambia Sista asipoteze mate yake. Siku ya tisa yule mzee, ametulia kabisa na amenyoa ndevu, alimwita akamlalamikia. "Sista, wewe ulisema daktari anakuja Tuesday, na amekuja Wednesday. Sasa hiyo ingine yote nitaamini aje?" Sista aliomba radhi, na tangu hapo akaongeza kwamba mvua ikinyesha ni Jumatano.

Kumpeleka mtu nyumbani, kwa Sista Jerusa, hakukuwa kumwacha getini. Alitembea naye katikati ya kambi wakati watu wamerudi kutoka kwenye mizani ya majani, akaingia nyumbani kwake, akaketi mlango ukiwa wazi, akaomba chai. Tena aliomba atiliwe kwenye kikombe cha mgonjwa mwenyewe. Majirani waliokuja kuchungulia walimwona nesi na kofia yake nyeupe anakunywa taratibu mahali ambapo mdomo wa mtu waliyemwogopa umegusa, anapangusa midomo, anaomba cha pili. Niliwahi kumwuliza kwa nini ajisumbue ilhali daktari ameandika barua. "Barua hawasomi," aliniambia. "Kikombe wanaona." Kwa rejista zangu za miaka kumi na moja tu, amefanya hivyo katika nyumba mia sita na kumi na mbili. Sasa ameniruhusu kutoa siri: Sista Jerusa hapendi chai. Maziwa yetu mengi yanamvuruga tumbo, na akifika kwake hunywa uji.

Mwaka wa vita vya makabila, 1992, alipoambiwa na watu asiowajua kwamba wa ziwani warudi ziwani, mzee yule wa Sigowet alikuja na rungu lake akakaa siku tatu mbele ya nyumba ya Sista. Mchana kutwa alikuwa hapo kwenye kigoda, akiimba zile zile nyimbo zake. Hakuna aliyempita.

Hapa ndipo kamati ingependa nirukie shukrani. Siwezi kuruka, kwa sababu Celine Cheptoo yuko nje ya dirisha langu wakati huu anasuuza vikombe vya wodi.

Cheptoo ana miaka ishirini na mitatu. Alikuwa mchuma majani katika kambi moja upande wa Kimulot, na nyumba ilikuwa kwa namba yake. Aprili mwaka huu alijifungua mtoto wa kiume, na baada ya wiki mbili akaanza kusema mtoto amebadilishwa, huyu si wake. Mumewe, Kiplimo, alimleta kwetu tarehe 5 Mei na mtoto akampeleka kwa mama yake Roret. Ugonjwa wa namna hii baada ya kuzaa hutisha sana, na mara nyingi hupona vizuri. Wake ulipona vizuri. Jumanne ya tarehe 13, siku yake ya tisa, daktari alimwona akasema anaweza kutoka Sista akikubali. Cheptoo alimshika Sista mkono. "Sista, mimi niko sawa. Maziwa inaniuma. Niache niende kwa mtoto." Sista alitaka dawa ishike vizuri zaidi, na alikuwa amewaona wengi waliotoka mapema wakarudi na kamba. Alimjibu kwa upole angoje, siku zake bado ziko.

Siku ya kumi na nne alimpeleka. Mlango wa nyumba ulifunguliwa na mwanamke mwingine, ana mtoto mgongoni, wala hakuelewa wamekuja kutafuta nini. Msimamizi wa kambi aliwaonyesha tangazo lililobandikwa kwenye kibanda cha kupimia majani. Tangu mwanzo wa Aprili siku za ugonjwa zilikuwa zimepunguzwa kutoka kumi na nne hadi kumi. Namba ya Cheptoo ilipewa mtu siku ya kumi na moja, na Kiplimo akahamishiwa nyumba za makapera. Hospitali haikuwa imeambiwa. Sista alilisoma tangazo mara mbili kidole kikiwa kwenye tarehe. Kama angemwachilia siku ile ya tisa, Cheptoo angekuwa na nyumba, na mtoto angekuwa na mahali pa kuletwa.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Roret. Mama mkwe aliwapokea akiwa amesimama. Alisema hana ubaya na mtu, lakini mtoto amemzoea yeye. "Hiyo kitu ikimrudia, nitasema nini kwa watu? Nyumba hata hana." Sista aliketi bila kukaribishwa akaomba chai. Akaambiwa maziwa hakuna. Ng'ombe watatu walikuwa wakicheua nyuma ya jiko. Kwetu Wakipsigis mgeni hanyimwi chai kwa bahati mbaya, na Sista amekaa nasi miaka ya kutosha kulijua hilo. Aliinuka, akamshika Cheptoo mkono, wakarudi wodini.

Walikwenda tena Julai, na tena Septemba, wakajibiwa yale yale. Kiplimo mara ya kwanza alilia, mara ya pili hakuonekana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi Cheptoo tulimpa ufagio. Hana ugonjwa. Daktari amelitamka hilo kila anapokuja. Anaishi katika wodi inayofungwa saa kumi na mbili jioni kwa sababu hakuna mlango mwingine unaomfungukia, na leo ninapoandika ni siku yake ya mia mbili na ishirini na tisa.

Tarehe 6 Desemba walikwenda mara ya nne, nami nikafuatana nao. Mvua hizi za El Niño zilikuwa zimekata barabara, kwa hiyo sehemu ya mwisho tulitembea kwenye matope. Mimi ni mtu wa Bureti, na Sista alidhani maneno yakitoka kwangu, kwa Kikipsigis cha nyumbani, yangeingia. Mama mkwe aliniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia, akamjua babu yangu. Akafurahi kwa kweli. Aliingia jikoni akatoka na kikombe kimoja cha chai, cha moto, kimejaa, akanipa mimi.

Nilikuwa nimelowa, nilikuwa nasikia baridi, na nimelelewa katika nyumba ambayo chai ya mama mzee haikataliwi. Nilikunywa. Ningeweza kumpa Cheptoo kikombe kile. Nimelifikiria kila siku tangu hapo, lakini wakati ule halikunijia. Sista alitazama mlango. Cheptoo alinitazama mimi mpaka nikamaliza. Kisha akachuchumaa akamwita mwanawe, ambaye sasa anatambaa, na mtoto akajificha nyuma ya sketi ya nyanya yake akaanza kulia.

Ninaona aibu kuyaandika haya kwenye sifa za mtu mwingine. Sista Jerusa hakunilaumu hata siku moja. Anajilaumu yeye. Nimemkuta mara tatu amekaa peke yake kwenye ile benchi, na mara ya tatu aliniambia, "Johana, watu wangu wote nimewarudishia milango yao. Huyu nilimfungia mimi." Nilimjibu kwamba hakuna aliyemwambia kuhusu tangazo. Alisema anajua, na kwamba kujua hakumsaidii Cheptoo.

Wiki iliyopita alimwomba waende wote kwake ziwani, ana chumba, ana shamba la mihogo, hakuna atakayemwuliza kitu. Cheptoo alimshukuru akakataa. "Nikienda huko mbali, mtoto akianza kuuliza mama yuko wapi, atanitafuta wapi?"

Mafanikio ya Sista Jerusa ni mengi, na mengine yamo kwenye hotuba ya mganga mkuu, kwa hiyo siyarudii. Alifundisha wauguzi wanafunzi arobaini na zaidi, na wengine wao sasa ni wakubwa wake. Alipanda lile shamba la sukuma wiki ambalo jiko la hospitali hulitegemea mwisho wa mwezi na kujifanya halilijui. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna mgonjwa aliyepigwa Sista akiwa zamu. Nafasi yake haitajazwa. Barua ya mkoa imesema wodi itaangaliwa kwa zamu na wauguzi wa wodi nyingine, watakaopatikana. Watakaopatikana, ndiyo maneno yenyewe. Kuanzia Januari mtu ataletwa amefungwa kamba, na sijui nani atakaa kando yake kumwambia shingo ikipinda si uchawi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote nasema asante, Sista. Uende salama. Mungu akupe usingizi mrefu, mihogo ikubali, na asubuhi unywe uji wako bila mtu kukulazimisha chai. Ukifungua kadi yetu utaona majina thelathini na moja, na wodini tuko thelathini na wawili, wagonjwa na wafanyakazi. Usidhani tumemsahau mtu. Nilimpelekea Cheptoo kadi pale kwenye karai la vikombe, akapangusa mikono, akaisoma yote, kisha akanirudishia kalamu. Alisema hawezi kukuaga kwa sababu bado hujamfikisha nyumbani.

Johana K., karani, Wodi ya Nane