Filimbi ya Mwalimu Mackrine wa Mtaa wa Rwenkende

Ndugu, jamaa, na ninyi nyote mliopanda mlima huu wa Kihanga kuja kutusitiri, kabla ya tarehe na miaka tunawaomba mjenge akilini picha ya jioni moja ya mwezi Mei 2013, mjini Kayanga, mtaa wa Rwenkende, jua halijazama, na Seif Muhammad mwenye duka yuko chini mbele ya duka lake, vijana watatu wanampora na kumpiga kwa nondo, naye analia akiwataja majirani mmoja mmoja kwa majina, na jibu analopata ni milio ya makomeo, nyumba baada ya nyumba, mpaka mlango mmoja unafunguka na mama wa makamo anatoka na mwiko wenye ugali mkononi, akipiga enduru, ule ukunga wa kuomba msaada tuliofundishwa na mama zetu, huku akiwaita wale vijana kwa majina waliyoitwa darasa la tatu. Vijana walikimbia. Mama huyo ndiye tunayemlaza leo.

Marehemu Mackrine Kokwijuka alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kibanja hiki hiki, mtoto wa pili wa Mzee Novatus na Mama Placida, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1964, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ualimu alikohitimu mwaka 1977, na kuanzia Januari 1978 akafundisha watoto wadogo Kimuli, baadaye Mabira, na mwaka 1999 akahamia Kayanga, alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 2016. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa ya Kikristo na marehemu Yustus, fundi seremala, aliyemtangulia mwaka 2010, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Nikuze, Allen na Mugisha.

Baada ya jioni ile ya Seif, mtaa ulikutana, na kila mmoja alikuwa na wa kumlaumu, hadi marehemu aliposimama akasema kwa sauti yake ya darasani, “Wezi hawajatuzidi nguvu, wametuzidi umoja. Kwetu Kihanga asiyeitika enduru, siku akifa anazikwa na wanawe peke yao.” Seif, ambaye babu yake alitoka pwani na yeye mwenyewe hakulelewa na mila ya enduru, alileta filimbi moja kwa kila nyumba, na marehemu akaweka sheria moja fupi, kama alivyozoea kuwawekea watoto: ukisikia, toka. Siku ya zoezi la kwanza Mzee Ildefonsi alitoka na taulo kiunoni, povu la sabuni usoni na jembe mkononi, watu wakacheka hadi wakakaa chini, na marehemu akasema, “Mnacheka nini? Huyu ndiye wa kwanza darasani.”

Hakuishia kwenye filimbi, kwani alijua kijana asiye na pa kwenda jioni atakwenda pabaya, hivyo akaomba uwanja uliotelekezwa, palipokuwa panaanikwa kahawa, akaufyeka pamoja na wazazi, ukawa wa mpira na netiboli, na pembeni yake darasa la watu wazima. Hata Rogasian, mmoja wa wale watatu, alipotoka kifungoni alipokelewa hapo, akafundishwa kufyatua matofali, na leo ndiye aliyejenga kaburi hili. Wizi ulikwisha, na akina mama wakauza ndizi za kuchoma barabarani hadi giza linapoingia.

Kisha raha ikatusahaulisha. Mwaka 2023 mtaa ulikutana tena, ukaambiwa kuwa wezi hawapo, uwanja wa nini, tujenge fremu za maduka, na mikono iliyopinga ilikuwa miwili, wa Seif na wa marehemu, na nyuma mtu akasema, “Mwalimu bado anadhani tuko mstarini.” Watu walicheka tena, ila safari hii yeye hakutania, na fremu zikajengwa pale uwanjani.

Presha ilimwanza mwaka 2019. Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, saa kumi na moja jioni, alianguka jikoni kwake, mguu na mkono wa kushoto vikapooza, akaiweka filimbi mdomoni kwa mkono wa kulia, akapiga, akapumzika, akapiga tena. Ilisikika. Majirani wenyewe wametuambia waliisikia, na kwamba walidhani ni mpira unachezwa. Mpira upi, ndugu zetu? Uwanja gani? Seif, aliyekuwa msikitini, ndiye aliyeona mlango wazi akirudi usiku, akamkimbiza hospitali kwa bajaji, na daktari akatueleza kwa upole kwamba saa za mwanzo ndizo zingemsaidia. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari, alfajiri.

Wazee wa ukoo walitaka mila ifuatwe, kwamba asiyeitika mwito hamziki aliyemwita, watu wa Rwenkende wazuiwe kwenye mwembe wa barabarani wasitupe udongo. Nikuze alikataa, akawaambia, “Baba zangu, mama hakuwahi kumfukuza mtoto darasani kwa sababu ya kukosea.” Ndiyo sababu ninyi wa Rwenkende mmeketi hapa, kwenye viti, chini ya turubai. Wema wake ndio uliowaingiza, si wetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, wanafunzi wake, Seif na familia yake, na majirani kwa chakula, kuni na machozi, ambayo tunaamini ni ya kweli, ingawa yamechelewa.

Pumzika, Mwalimu, zamu yako umeimaliza. Nasi wengine, tukishuka mlima huu, tunaombana kukumbuka jambo moja tu, lile alilotufundisha: ukisikia, toka.