Tembo Mwenye Kola na Mahindi ya Fundi

Leo kahawa haishuki. Benchi letu liko nje ya gereji ya pikipiki, na Fundi mwenye gereji kaliwa shamba. Tembo wa hifadhi binafsi ya jirani, mali ya tajiri mmoja wa ng'ambo, tembo yule yule aliyevishwa kola ya redio shingoni na sisi wajinga tukaenda kupiga makofi, kavuka uzio usiku na kumaliza mahindi yaliyokuwa yanangoja kuvunwa. Katika kula kwake akajichoma mguu kwenye waya wa miba ambao Fundi kazungushia shamba. Kulipokucha ikaja helikopta, daktari ndani, kumtibu tembo! Ikatua juu ya maharage yaliyobaki. Na kesho Fundi kaitwa ofisini kwa hao wa hifadhi akajieleze kwa nini waya wake umemuumiza tembo. Jamani, haya ni matusi.

WAZIRI (alikuwa tarishi wizarani, jina likamganda): Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia.

BONDIA (mpakia mizigo): Tembo alikuwa peke yake. Kapigana na nani?

WAZIRI: Na mahindi.

FUNDI: Waziri, nitakumwagia kahawa! Wanangu watakula methali?

MUUZA KAHAWA: Kawaambie, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

BONDIA: Jembe apewe tembo?

MUUZA KAHAWA: Kwani alichokula kalima nani?

FUNDI: Mimi nimechoka. Shati la kesho nimeshalipiga pasi. Nitaomba radhi, yaishe.

BONDIA: Radhi ya nini? Yule tembo katumwa! Kola ile inapima udongo. Wanalitaka shamba lako.

WAZIRI: Udongo tu? Mna kamera mle. Tajiri amejilaza huko kwao, anatutazama tunavyokunywa.

Bondia akaweka kikombe chini, akajifuta mdomo.

MUUZA KAHAWA: Nyie mnaamini ni tembo? Wale ni wafanyakazi wawili wa hifadhi ndani ya ngozi ya tembo.

BONDIA: Watu wawili wamalize shamba zima?

MUUZA KAHAWA: Kwa mshahara wanaolipwa pale, wataacha?

Hata Fundi alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka kulia. Hapo ndipo akafika shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyesafiri kuja kusaidia kuvuna akakuta mabua. Alikuja kumwita chai, akatusikiliza kasimama.

— Samahanini, kaka zangu. Hiyo kola kazi yake nini?

— Inawaonyesha watu wa hifadhi tembo alipo, Waziri akajibu kwa madaha. Usiku na mchana. Walitueleza wenyewe siku ile ya makofi.

— Kwa hiyo alipokuwa shambani kwa shemeji, walimwona?

Muuza kahawa akaacha kumimina.

— Sasa kama walimwona, mbona hawakumpigia shemeji simu?

Bondia akainamia viatu vyake. Mimi nilihisi aibu imenipanda mpaka masikioni, maana makofi nilipiga kuliko wote.

Fundi akasimama, akafuta grisi mikononi.

— Shemeji, kesho tunakwenda wote. Tukiingia tu, uliza hivyo hivyo. Na usiwasalimie kwanza.