Shimo Alilochimba Sugow

Ndugu, jamaa na majirani mliotoka karibu na mbali, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu Silas Mwenda, aliyezaliwa hapa Nkubu tarehe 14 Machi 1964, mwana wa pili wa marehemu Mzee Elkanah na Mama Gatwiri, akasoma shule ya msingi papa hapa hadi mwaka 1977, kisha sekondari, na mwaka 1986 akahitimu mafunzo ya afya ya mifugo.

Serikali ilimpeleka Balambala mwaka 1987 na baadaye Garissa mjini, na sisi tuliodhani atarudi baada ya mwaka mmoja tulingoja mpaka tukachoka, maana Mwenda alilizoea joto lile, akaipenda chai ya maziwa ya ngamia, na Kisomali chake, ingawa wenyeji walikicheka mpaka machozi, kilimfungulia kila boma. Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na Risper, aliyekuwa mwalimu huko huko, wakajaliwa watoto wawili, Nkirote na Kinoti.

Mwaka 2012 alianza kufuga nguruwe nyuma ya nyumba yake, akiwauzia nyama watumishi wa serikali waliotoka bara kama yeye, akitegemea kustaafu kwa mifugo hiyo, na jirani yake Mzee Sugow, mfugaji wa mbuzi, ambaye kwa dini yake mnyama huyo ni haramu, hakuwahi kumtaja kwa jina, alisema tu "mali ya Mwenda", wakaishi kwa heshima.

Novemba 2023 mto Tana ulifurika, mbu wakajaa mtaani, nguruwe majike wakaanza kuzaa watoto wafu, na Ifrah, mjukuu wa Sugow, akashikwa na homa kali na degedege. Mwenda alichukua damu ya nguruwe wake bila kuulizwa na mtu, akaipeleka maabara Nairobi, na alipojulishwa kwamba wana virusi, na kwamba mbu akimuuma nguruwe kama huyo anaweza kumwambukiza binadamu, hakunyamaza, ingawa angeweza, bali aliamua kuwaua nguruwe wote, akamwambia Risper kwamba anaogopa ujirani wao utaishia hapo, kisha akavuka barabara akamweleza Sugow kila kitu. Sugow alimsikiliza, akaingia ndani, akatoka na sururu, akampa pole kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Bole, Mwenda, mimi nachimba, lakini kugusa sigusi," akachimba shimo refu, na Mwenda akawafukia humo kwa chokaa. Baadaye walizunguka mtaa mzima pamoja wakifukia madimbwi, na Ifrah, tunamshukuru Mungu, alipona.

Mwenda alistaafu mwaka 2024 bila mfugo hata mmoja, na hatukumsikia akijuta. Mei 2025 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Garissa na Nairobi, akatutoka tarehe 3 Oktoba 2025, Risper akiwa amemshika mkono, na pengo aliloacha linatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazini, na majirani wa huku na wa Garissa. Mzee Sugow alifika jana kutoka huko, akaomba jembe hata kabla ya chai, akachimba kaburi pamoja na vijana wetu, na asubuhi hii jeneza lilipotolewa ndani yeye ndiye aliyetangulia kulishika, kwa mikono yake miwili. Mwenda, jirani yako amekufikisha. Pumzika kwa amani.