Baba Mkali Avua Masharubu

Ijumaa, 30 Juni
Kwa Baba Mkali

Leo Baba Mkali anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha ustawi wa jamii. Barua yake ya ajira inamtaja kuwa mtunza stoo. Watoto wa mitaa yote wanamjua kama yule baba asiyetaka binti yake asome.

Kituo chetu huigiza mitaani michezo ya kuhimiza wazazi wasomeshe mabinti, na uigizaji ulimfuata huko huko stoo. Mwigizaji wetu aliumwa jino, watazamaji wameshakaa, na mwenye sauti nzito alikuwa yeye tu, anahesabu mifagio. Tukambandika masharubu ya nywele za brashi, tukamwambia akatae kila kitu. Alikataa vizuri mno. Kesho yake muuza maziwa alimnyima maziwa mpaka aahidi kumrudisha mtoto shuleni. Baba Mkali, ambaye nyumbani ndiye aliyekuwa akifua sare za mabinti zake, aliahidi, akachukua maziwa yake.

Marehemu mke wangu alikuwa mkewe jukwaani kwa miaka kumi na tisa. Kila onyesho alimrushia kandambili, na makubaliano yalikuwa impite kando. Haikumpita hata mara moja.

"Nisamehe shemeji, shabaha yangu mbovu," alikuwa akimwambia nyuma ya pazia, huku anacheka mpaka anashika ukuta.

"Mbovu? Mbona sikio ni lile lile kila wiki?"

Mchezo wetu husimama katikati, na mtazamaji yeyote hupanda kumshawishi huyo baba. Siku moja, kwenye uwanja wa shule, fundi viatu mmoja alisimama, lakini kumpigia makofi.

"Mwacheni mzee! Anasema kweli. Wangu nimemtoa shule juzi, analea wadogo zake."

Binti mwenyewe, wa miaka kumi na miwili, alikuwa kando yake na mdogo wake mgongoni, anatazama vidole vya miguu yake.

Baba Mkali alikuwa amepata mfuasi kwa mara ya kwanza, na hakumtaka. Alibandua masharubu, akambandika fundi, akamkalisha kwenye kiti chake. Akaazima mtandio wa mke wangu, akajifunga kichwani, akapiga magoti: binti wa miaka hamsini, mwenye kipara na goti linalolia.

"Baba, nirudishe shule."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Fundi naye akajitutumua. "Utasoma ili iweje?"

"Barua zikija, baba, nani anakusomea?"

Fundi alifungua mdomo. Masharubu yakaanguka. Akamtazama binti yake.

"Huyu," alisema polepole. "Ananisomea huyu."

Jumatatu mke wangu alimwona binti langoni mwa shule, amevaa sare. Mdogo wake alikuwa mgongoni kwa fundi.

Binti huyo sasa ni mwalimu, na ndiye anayerithi masharubu. Alifanya mazoezi juzi, na muuza maziwa ameshaanza kumtazama vibaya.

Mke wangu alituacha mwaka jana. Katika onyesho la kwanza bila yeye, kandambili ilirushwa na mwenzetu mpya, ikapita kando kama inavyotakiwa. Baba Mkali aliinama, akaiokota, akajipiga nayo sikioni mwenyewe. Watazamaji walicheka sana. Mimi ndiye mvuta pazia, na siku hiyo nilichelewa kulifunga.

Ahsante, ndugu yangu. Umekubali kuchukiwa miaka yote hii ili watoto wa wenzako wapendwe. Tunakutakia pumziko jema, goti lisilolia, na maziwa kila asubuhi bila masharti.

Kandambili ile tumeifunga kwenye karatasi, uende nayo nyumbani. Iweke karibu na mlango. Ukiiona, utukumbuke, mimi na shemeji yako.