Dkt. Advera Silasi na Sura Iliyobandikwa Kwenye Kopo

Padre, wazee wetu, ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, Limbu Silasi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, na imeniambia nisipunguze neno.

Dkt. Advera alizaliwa tarehe 12 Juni 1967 hapa Kigwa, mtoto wa kwanza wa mzee Silasi, fundi wa reli, na mama yetu Suzana. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaendelea na sekondari Tabora mjini, na akiwa kidato cha pili mama alianguka kisimani akavunjika nyonga, hakusimama tena mpaka anafariki. Dada alisema atasomea mifupa, na kweli, baada ya chuo kikuu Dar es Salaam alikwenda masomoni ng'ambo, akarudi na shahada ya uzamivu mwaka 2004.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Fikiri, mwenyeji wa Usinge, tarehe 7 Oktoba 1995, wakajaliwa watoto wawili, Leonia na Silasi.

Kazi yake maabara ilikuwa juu ya taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, ambacho hata miili yetu hujitengenezea kidogo. Aliona kwamba kwenye vyombo vya maabara, na kwa panya, taurini husaidia seli zinazojenga mfupa na hupunguza kasi ya zile zinazoula, akafurahi, lakini kila alipoandika au kuzungumza alimalizia kwamba kwa binadamu ushahidi bado hautoshi, na mgonjwa asiache dawa za hospitali.

Mwaka 2019 wafanyabiashara fulani walichukua picha yake mkutanoni, wakaichapa kwenye makopo ya unga wa taurini, na chini yake maneno kwamba mifupa hurudi kuwa ya ujana. Yale aliyomalizia hawakuyachapa. Dada alilalamika ofisi hadi ofisi, akaambiwa asubiri, akazunguka mwenyewe minadani Sikonge na Nzega akiwasihi watu wasiyanunue, nao walidhani anawanyima dawa aliyoivumbua.

Wifi yake Julieth, dada wa Fikiri, ambaye mifupa yake ilikuwa imeanza kuwa myepesi, alinunua makopo hayo kwa siri, akaacha vidonge, akaanguka shambani akavunjika, akafariki Agosti 2021. Msibani, kaka mkubwa wa Fikiri alimwambia mbele za watu, "Shemeji, dada alikuamini wewe kuliko hospitali."

"Sikumwambia anywe, shemeji."

"Sura kwenye kopo ni ya nani?"

Tangu siku hiyo dada hakukanyaga tena Usinge, wala Usinge hawakumwita, na Fikiri alikuwa akienda kwao peke yake.

Mwezi Machi 2023 dada aligundulika kuwa na saratani ya titi, ambayo mwaka uliofuata iliingia kwenye mifupa. Alipolazwa, watu wema walimletea makopo yale, yenye sura yake, wakamsihi anywe. Aliyapokea kwa adabu, walipotoka alimwomba Leonia ayamwage, akasema, "Usiwaambie, wataona aibu." Alifariki Jumanne, tarehe 18 Februari 2025, alfajiri, Fikiri akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu, majirani wa Kigwa waliopika na kuchimba, na wenzake wa maabara waliosafiri na treni usiku kucha. Ndugu wa Usinge mmekuja leo, tumewaona, karibuni chakula. Wafanyabiashara nao wameleta shada kubwa la maua, limeandikwa kwamba tumempoteza mwenzetu. Hakuwa mwenzao. Shada hilo familia imelirudisha kwa gari lililolileta, na makopo yanauzwa mpaka leo, pale stesheni, ng'ambo ya reli.

Dada Advera, ulisema kweli na hawakukusikia. Kapumzike sasa, na amani uliyonyimwa huku, Mungu akupe huko.