Mazoezi ya Kwenda Dar
Katika gari la asubuhi kutoka Vudee kwenda Same, Mama Yudith alipakata kikapu cha ndizi za mtori wa binti yake, aliyejifungua Dar. Mzee wa kiti cha pili, asiyemjua, akampa semina bila kuombwa.

"Mama, Dar husalimii mtu. Ukisemeshwa, kaa kimya, kumbatia mzigo."

"Yaani nipite watu kama mbuzi, baba? Hata shikamoo nisiitikie?"

"Hiyo hasa! Ukisema marahaba tu, kikapu kimeondoka, na mzazi hali mtori."

Mama Yudith alitafakari kwa kona tatu za mlima. Kwa ajili ya mzazi, alikuwa radhi hata kukosa adabu. Akaanza mazoezi papo hapo.

"Mama, samahani, umekalia kofia yangu," akasema mzee yuleyule.

Kimya.

"Mama?"

Akakumbatia kikapu mpaka gari liliposimama Same.