Mbegu ya Mathilde

Adome, zima hiyo redio, ukae. Nabei, niinue uniegemeze kwenye gunia, kwa maana maneno ya leo sitaki kuyasema nikiwa nimelala kama mtu anayeomba huruma. Nasema Kiswahili, wala msiniulize kwa nini baba yenu anakufa kwa lugha ya wageni. Huyu binti aliyekaa mlangoni, Sonia, ametoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa kibali cha siku tatu, mimi ndiye niliyemwita, na nitakayoyasema yanamhusu yeye kabla ya kuwahusu ninyi. Kiswahili chenyewe, mama yake ndiye aliyenifundisha.

Hapa Lodwar watu husema mzee Lokorio ndiye aliyeleta kitunguu kinachostahimili jua la kwetu, na cheti kile ukutani kinasema hivyohivyo, na wewe Adome umekwisha kuwaahidi watu wa kampuni ya mbegu kwamba Jumatatu utatia saini yako kwa jina la baba yako. Basi sikilizeni, wanangu. Kitunguu kile si changu. Nilikiiba, na niliyemwibia alikuwa hana kitu kingine.

Mnaukumbuka ukame uliomaliza mbuzi wetu. Wewe Nabei ulikuwa bado mgongoni. Nilikwenda kwa ndugu yangu Namuar, ambaye ngamia wake walisalia, nikamwomba mbuzi mmoja tu wa maziwa kwa ajili yenu, akaniambia mbele ya wake zake kwamba mwanamume asiye na mifugo ni mtoto. Kinyongo hicho ninacho mpaka leo na ninakufa nacho, sitawadanganya. Nikachoma makaa, nikayapeleka Kakuma kuwauzia wakimbizi, na ndiko nilikomkuta Mathilde, mama yake Sonia.

Alikuwa mjane kutoka Burundi, mtu wa milima ya baridi. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amechimba kitanda cha kupandia chini ya usawa wa ardhi, akakinywesha maji aliyooshea vyombo. Aliniona nimesimama na gunia la makaa begani, macho kwenye kitanda.

“Unaangalia nini, baba?”

“Majani.”

“Hayo si majani. Tua mzigo, nikuonyeshe.”

Sisi Waturkana wa zamani tuliwadharau watu wanaochokora ardhi, nami nilitua ule mzigo kwa sababu ya njaa tu. Lakini yule mama alinikalisha chini akanifundisha kama anavyofundishwa mtoto wa ndugu. Alinifundisha kwamba kitunguu kizuri kuliko vyote ndicho usichokila. Ukishavuna, unavining'iniza chini ya paa miezi minne, na kila wiki unapita ukitoa: kilichooza toa, kilichochipua toa, chenye mioyo miwili toa, chenye shingo nene toa hata kama ni kikubwa kama ngumi, kwa kuwa shingo nene haifungi vizuri na uozo huingilia hapo. Gunia zima hubaki beseni moja. Beseni hilo ndilo mama wa mbegu.

Na kwa joto letu kitunguu hakitoi maua. Huku kwetu kitanenepa tu, mbegu hakizai. Basi alimwomba Barasa, dereva wa lori, avipandishe vitunguu vile hadi Kapenguria kwenye baridi, mkewe avipande, na baada ya miezi lori lilirudi na mbegu nyeusi ndani ya chupa. Mwaka mmoja mke wa Barasa alituma salamu kwamba jirani yake naye alikuwa na vitunguu vilivyotoa maua, na nyuki hawajui mpaka. Mathilde aliimwaga ile chupa yote jikoni. Nilimwambia, “Mama Sonia, hiyo ni kazi ya mwaka mzima.” Akasema, “Ndiyo. Na sijui tena ni mbegu ya nini.”

Alijaribu pia liki, ndugu yake kitunguu, ambayo yeye aliiita puaro, maana alitamani supu ya kwao. Miaka mitano alipanda, ikatoka nyembamba kama unyasi, jua likaichoma, asikasirike, akapanda tena. Kwa puaro alishindwa. Kwa kitunguu hakushindwa.

Yeye hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na mimi nilikuwa na kipande cha ardhi hapa kando ya mto Turkwel. Tukapatana. Mbegu na macho ya kuchagua vya kwake, ardhi na mikono vya kwangu, mavuno nusu kwa nusu. Kila msimu nilimpelekea vitunguu Kakuma, akakaa navyo sakafuni akivibonyeza kimoja kimoja. Tulifanya hivyo miaka tisa. Mlikula, mkavaa, mkasoma. Adome, kalamu utakayotilia saini Jumatatu ilitoka katika vidole vya yule mama.

Kisha wakaja wageni wa shirika, pamoja na maofisa wa kilimo na mpiga picha. Shamba lilikuwa limependeza. Watu walijaa, na mbele ya watu alisimama Namuar na fimbo yake, amekuja kuona mdogo wake anayechimba udongo anatembelewa na magari. Ofisa mmoja akaniuliza, “Mzee, mbegu hii ni ya nani?”

Nikamtazama Namuar. Nikasema, “Ni yangu.”

Hakuna aliyenishikia panga. Wakapiga makofi, wakaandika, na kitunguu kikapewa jina langu. Nilijiambia nitamweleza Mathilde, nikaacha wiki ipite, kisha mwezi. Akaja mwenyewe. Alikuwa ameomba kibali, akanikuta nimekaa na wageni wengine chini ya kivuli cha turubai. Akasema polepole, “Baba Adome, jina langu umelisahau?”

Nami nikawageukia wageni nikasema, “Huyu mama ni mkimbizi, huja kuomba mbegu.”

Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Waliosema hivyo walinijua kabla sijazaliwa. Nabei, ulimletea chai siku ile. Uliniuliza kwa nini mgeni ameondoka bila kuinywa, nikakufokea. Sasa umejua.

Ningeishia hapo, ningekufa mwizi tu. Lakini nilifanya zaidi. Miaka miwili baadaye mto wa Kakuma ulifurika ukachukua nyumba yake pamoja na chupa za mbegu, na ni wakati uleule chakula cha mgao kilipopunguzwa. Akamtuma Sonia kwangu. Binti, ulikuwa umemaliza tu darasa la nane, ulisimama palepale ulipokaa sasa. Ulisema, “Mama anasalimia, anaomba kiganja kimoja.” Hakusema nirudishe. Aliomba.

Nilikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa ya msimu ule, nyingine ilikuwa na miaka mitatu. Kila mkulima wa kitunguu anajua mbegu hii haina uvumilivu, ikipita mwaka huanza kufa, na hapa kwetu joto huimaliza mapema zaidi. Nilikupa ile iliyokufa. Nilitaka afikiri ni bahati mbaya. Niliogopa kwamba akipanda tena na kuchagua tena, watu wangeona shamba lake na langu, wakauliza nani alimfundisha nani.

Lakini nilisahau nilikuwa nampa nani. Yule mama hakuwahi kupanda mbegu bila kuijaribu. Baada ya wiki mbili Barasa alinishushia kitambaa kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na mbegu mia moja zimepangwa safu kumi, na hakuna hata moja iliyopasuka. Barasa akapanda lori lake akaenda zake, na tangu siku ile hajanywa maji ya nyumba hii.

Mathilde alifariki mwaka jana. Sikwenda kuzika. Nilisema nina homa.

Nabei, maji. Kidogo tu... Inatosha.

Jana kwenye simu nilimwuliza Sonia kama mama yake aliwahi kunitaja kabla hajafa. Nilitarajia laana, ningeipokea. Akaniambia mama yake alinunua vitunguu vyangu sokoni Kakuma, akavibonyeza, akasema, “Baba Adome ameacha kuchagua. Shingo zimenenepa.” Basi. Hayo ndiyo aliyoyasema juu yangu. Na ni kweli, wanangu. Tangu nimwibie sijui kuchagua, nachagua kikubwa, nachagua kinachopendeza kwenye picha, na kila mwaka vinaoza mapema zaidi. Adome, wewe unavilaumu vitunguu. Miaka mingine mitatu, mbegu hii itakuwa si kitu, nawe utakuwa umeuza jina tupu.

Sasa wosia wangu. Mbuzi waliopo ni wa Nabei, wote, asije Namuar kusema mwanamke harithi, mwambieni nimesema mimi na nilikuwa na akili zangu. Kipande cha mto mkilime wote wawili. Cheti kile kishusheni leo. Adome, Jumatatu nenda kwa wale watu wa kampuni uwaambie kwa mdomo wako mbegu ni ya nani, nao wakitaka saini, waitafute kwa Sonia. Na vile vitunguu vilivyoning'inia ghalani ni vyake, avipitie mwenyewe, avichague kwa macho aliyorithi.

Usitikise kichwa, Adome. Sema.

“Baba, sisi tutakula nini?”

Mtakula mlicholima. Sikuwakataza kulima, nimewakataza kusema ni chenu. Ukiona uchungu, nami niliuona, ndipo nikaiba. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukishafika mwisho wake, kurudi ni mbali, mwanangu. Mimi narudi sasa, na pumzi sina.

Sonia. Nilikuuliza ulipoingia kama utanisamehe. Sema tena ulivyosema, wasikie.

“Nilisema sijui, mzee. Nimekuja kuchukua mbegu.”

Mmesikia. Msimlazimishe neno lingine, leo wala siku ya kunizika. Barasa yuko njia panda, anapanda Kapenguria jioni hii, na amesema atamngojea binti wa Mathilde, si kwa ajili yangu. Nabei, mshikie ngazi.

Sogeeni niwabariki kabla... Nabei, Akuj, Mungu wetu, akupe mvua ya polepole, mbuzi wako wazae pacha, na neno lako lisikike penye wanaume. Adome, leta kichwa. Mkono wangu mzito, usiuondoe. Akuj akupe mikono migumu na mdomo usioogopa kaka wala mgeni. Hasira uliyonayo juu yangu, lima nayo, itaisha.

Sonia, wewe... wewe sina haki ya kukubariki. Chukua vile vidogo vya shingo nyembamba, viko upande wa ukuta, nyuma. Sikuvitupa vyote. Nenda. Lori lisikuache. Mlango uache wazi, nisikie mnavyovishusha...